Minyoo rafiki ndani ya moyo wa mhindi: jibu kwa mkulima wa Mambrui

SWALI: Assalaam aleikum. Nalima ekari moja ya mahindi Mambrui, si mbali na mto Sabaki. Nusu nategemea mvua, nusu napiga maji kwa mashine. Vuli iliyopita viwavijeshi waliyala mahindi mpaka yakabaki mabua. Duka moja la pembejeo limeniambia kuna minyoo midogo, nematodi, wanaochanganywa na maji na kumwagwa shambani, nao huua viwavi bila sumu. Jirani yangu mwenye nyanya akanikataza, asema nematodi ndio waliomkaushia nyanya zake. Nani mkweli? Na kama wanafaa, watalihimili joto letu na mchanga wetu? Nitumie kiasi gani, na vipi?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Jirani yako ni mkweli, na mwenye duka ni mkweli. Wanataja jina moja, lakini wanyama ni wawili tofauti.

Aliyemkaushia jirani nyanya ni mnyoo fundo, Meloidogyne. Huyo ana sindano ngumu mdomoni, huichoma kwenye mzizi na kufyonza, na mzizi hufanya vinundu. Muombe jirani ang'oe mche mmoja uliodumaa na autikise udongo. Akiona vinundu, ndiye huyo. Nematodi wa kuua wadudu ni wa koo mbili nyingine, Steinernema na Heterorhabditis. Hawana sindano ya kutoboa mmea. Anayeuzwa kwenye pakiti ni mtoto wa hatua ya tatu, hafiki urefu wa milimita 1, na mdomo wake umefungwa. Hali kitu chochote. Anaishi kwa mafuta aliyobeba mwilini mpaka akutane na mdudu. Mzizi wa mhindi au wa nyanya hana haja nao, wala hamdhuru mtu, mbuzi au kuku. Ila usiwanunue kwa matumaini kwamba watamfukuza mnyoo fundo wa nyanya. Kazi hiyo si yao.

Kwa mdudu huingia kupitia mdomo, njia ya haja, au vitundu vya kupumulia vilivyo ubavuni. Heterorhabditis ana kijino cha kukwaruza ngozi laini. Wakishaingia huachia bakteria wanaowabeba tumboni: Steinernema hubeba Xenorhabdus, Heterorhabditis hubeba Photorhabdus. Bakteria huzaana katika damu ya kiwavi, naye hufa kwa saa 24 hadi 48. Nematodi hula mchuzi huo wa bakteria, huzaliana humo humo ndani ya maiti, na baada ya wiki moja na nusu hadi mbili watoto wapya hutoka kwa maelfu mengi kutafuta mdudu mwingine. Rangi ya maiti hukuonyesha aliyeua. Aliyeuawa na Heterorhabditis huwa mwekundu kama tofali, na ukimtazama gizani macho yakishazoea, hutoa mwanga hafifu. Aliyeuawa na Steinernema huwa wa rangi ya maziwa au kahawia. Kiwavi aliyegeuka mweusi, amerojeka na ananuka vibaya amekufa kwa jambo jingine.

Sasa kuhusu neno "kumwagwa shambani". Hapo ndipo pesa hupotea. Kipimo cha kawaida cha kutibu udongo wote ni nematodi 25 kwa kila sentimita moja ya mraba, yaani 250,000 kwa mita ya mraba. Kwa ekari nzima hiyo ni takriban bilioni 1. Pakiti ndogo huwa na milioni 50, kwa hiyo utahitaji pakiti 20 kwa ekari moja ya mahindi. Hakuna gunia la mahindi linalorudisha gharama hiyo. Mkulima wa maua au wa stroberi anaweza kuimudu. Wewe na mimi tuwapeleke nematodi pale tu alipo mdudu.

Na kiwavijeshi hayuko kila mahali. Mchana amejificha kwenye moyo wa mhindi, pale majani machanga yalipojikunja. Watafiti waliofanya majaribio nchini Rwanda waliweka nematodi wapatao 3,000 katika moyo wa kila mhindi, wakiwa ndani ya jeli inayotunza unyevu, na viwavi wakapungua vizuri. Piga hesabu na shamba lako. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, ekari ina mihindi karibu 18,000. Mara 3,000 ni milioni 54. Badala ya pakiti 20 umeshuka hadi pakiti moja na kidogo, tena hiyo ni kama utatibu kila mmea, jambo ambalo kwa kawaida halihitajiki.

Kabla ya kununua, hakikisha adui ni yupi. Kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na akafika Kenya mwaka 2017. Usoni ana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Huacha kinyesi kama unga wa mbao kilichoziba moyo wa mmea. Akishakua, baada ya wiki mbili au tatu, hushuka chini na kujifukia kwenye udongo kina cha sentimita 2 hadi 8, akawa pupa, yaani buu aliyejifunga akigeuka nondo. Siku 8 au 9 baadaye, kwa joto letu, nondo anatoka. Mzunguko mzima ni kama mwezi mmoja.

Kiwavi wa bua wa pwani, Chilo partellus, ana mwenendo mwingine. Siku chache za mwanzo hukaa kwenye majani ya moyo, na huacha safu za vitundu vidogo kama vya sindano. Kisha hutoboa bua na kuingia. Akishaingia, nematodi uliowatia juu hawamfikii, na ukiona moyo umekauka huku majani ya nje ni mabichi, umechelewa kwa mmea huo. Ung'oe, umlishe ng'ombe.

Sota anayekata miche usiku ni mwepesi zaidi. Mchana hulala kwenye udongo wa juu, sentimita 2 hadi 5, karibu na mche alioukata, na huyo Steinernema carpocapsae humpata kwa urahisi. Mabuu weupe waliojikunja kama herufi C mizizini hufaa kwa Heterorhabditis, anayechimba. Kwa mchwa usipoteze pesa: kwenye chupa ya maabara hufa, lakini shambani hutenga wagonjwa wao na kuziba njia kwa udongo.

Kuna jambo moja nataka kulieleza kwa sababu wengi hupotea hapo. Maelezo mengi yaliyoandikwa kuhusu nematodi na mahindi yanatoka Marekani na Ulaya, na yanazungumzia mdudu mwingine kabisa: mbawakawa wa mizizi, Diabrotica virgifera, ambaye mabuu wake hutafuna mizizi. Huko humwaga Heterorhabditis bacteriophora kwenye mfereji wa kupandia, siku ile ile ya kupanda. Ni elimu nzuri, na ina ajabu yake: mwaka 2005 ilithibitishwa kwamba mzizi wa mhindi ukitafunwa hutoa harufu udongoni inayowaita nematodi waje, na kwamba mbegu nyingi za Marekani zimepoteza uwezo huo wa kuita. Lakini mdudu huyo si wa kwetu. Ukifuata ratiba yao, utawaweka nematodi ardhini wiki tatu kabla kiwavijeshi hajafika, huku wakiungua mchangani.

Tuje kwenye joto. Hewa ya Malindi, nyuzi 22 usiku hadi 32 mchana, haiwaui nematodi wanaofaa nchi za joto. Wanaokufa huuawa na vitu vitatu: jua la moja kwa moja, ambalo humaliza kazi kwa dakika chache, ukavu, kwani hawaendi popote bila utando wa maji, na mchanga mtupu uliochemka. Nenda shambani saa 7 mchana, vua viatu, usimame kati ya mistari. Kama unyayo wako hauvumilii, nematodi aliye juu ya mchanga huo hatavumilia. Mchanga wenyewe kama mchanga si tatizo. Nafasi kati ya chembe zake ni pana, wanapita vizuri kuliko katika ule udongo mweusi mzito wa kingo za Sabaki. Tatizo ni kwamba unakauka upesi. Ukifunika mistari kwa majani makavu au makuti chakavu, umewajengea nyumba.

Aina ina uzito wake. Kwa moyo wa mhindi na kwa sota omba Steinernema carpocapsae. Huyu hakimbii huku na huko. Husimama kwa mkia na kumsubiri mdudu apite, na kiwavi anayekula moyoni hupita tu. Kwa mabuu ya ardhini kwenye joto omba Heterorhabditis indica, aliyepatikana India na anayehimili joto kuliko wenzake wengi. Tahadhari na Steinernema feltiae. Ni nematodi mzuri sana, lakini wa baridi, anafaa nyumba za maua za nyanda za juu; kwenye udongo unaozidi nyuzi 28 nguvu zake hupungua. Ukipewa pakiti isiyotaja aina, au inayosema tu "nematodi wa kuua wadudu", irudishe. Tazama pia namba ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu, PCPB, tarehe ya mwisho ya matumizi, na idadi ya nematodi waliomo. Idadi ndiyo unayonunua, si gramu.

Bidhaa nyingi hutoka bara, na safari ya basi usiku kucha ndiyo inayowaua kabla hujawaona. Agiza wapakiwe kwenye kasha la barafu kama lile la wavuvi, barafu ifungwe kwenye magazeti isigusane na pakiti, kwani wakiganda wanakufa. Kasha likae ndani ya gari, si kwenye buti karibu na injini. Ukipokea, weka chini ya friji, nyuzi 4 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Heterorhabditis indica ni kinyume: baridi hiyo inamdhuru, anataka takriban nyuzi 15, kwa hiyo huyo mwagize ukiwa tayari kumtumia siku hiyo hiyo au kesho yake. Usimwache yeyote kwenye kibanda cha shamba hata mchana mmoja.

Usiamini pakiti kwa sura. Wahesabu. Loweka pakiti ya milioni 50 kwenye lita 10 za maji safi ya baridi. Maji ya mtungi yanafaa kuliko ya tangi lililoshinda juani. Hapo kila mililita ina nematodi 5,000. Koroga vizuri, chota mililita 1 kwa bomba la sindano la duka la dawa, uiongeze kwenye mililita 99 za maji. Koroga tena. Sasa kila mililita ina 50. Mwaga mililita 1 kwenye kisosi cheusi au mfuniko wa plastiki mweusi, utazame kwa kioo cha kukuzia mara 10 au 20, ukiwa kivulini. Rudia mara tano na uchukue wastani. Hesabu wale tu wanaojinyonga au waliojikunja. Wafu hunyooka kama sindano. Lakini usiharakishe kuhukumu: carpocapsae aliyetoka kwenye baridi hupenda kutulia amenyooka. Mpe nusu saa kwenye joto la kawaida, gusa kisosi kidogo, ndipo uhesabu. Ukipata walio hai 40 au zaidi, endelea. Ukipata 30, ongeza kipimo ili kufidia. Chini ya 25, rudisha bidhaa na udai chako.

Sasa lini. Nematodi si kinga ya kuwekwa mapema "kwa usalama". Anza kukagua wiki ya pili baada ya miche kutoka, mara mbili kwa wiki. Tembea shambani kwa njia ya herufi W, simama mahali 5, kila mahali kagua mihindi 20 mfululizo. Hesabu yenye madirisha meupe ya majani yaliyokwanguliwa au kinyesi kibichi moyoni. Tundu la zamani lisilo na kinyesi usilihesabu. Mpaka mhindi una majani 6 hivi, tibu ikiwa mihindi 20 kati ya 100 imeshambuliwa. Ukiwa mkubwa zaidi, huvumilia, subiri 40. Mbelewele zikishatoka, acha: moyo umefunguka, kiwavi amehamia kwenye suke chini ya maganda, na nematodi hawamfikii. Kwenye masika, mvua kubwa za Mei huwaosha na kuwazamisha viwavi wadogo wengi bila gharama yako. Hatari yako kubwa ni vipindi vya ukavu ndani ya vuli, na ile nusu unayoipiga maji wakati wa kaskazi.

Saa ni jioni. Anza kama saa 11:30, jua likiwa limeshuka nyuma ya minazi, na uendelee mpaka baada ya magharibi. Umande wa usiku ni msaada. Asubuhi haifai hata kama kuna mawingu, kwa sababu saa 4 tu jua limekwisha kuwafikia.

Kuna njia mbili za kuwaweka. Ya kwanza ni maji peke yake. Chukua ile ndoo ya lita 10 uliyohesabu. Kila pampu ya lita 20 tia lita 2.2 kutoka kwenye ndoo, jaza maji mpaka 20, ukikoroga ndoo kila unapochota, maana nematodi huzama chini na anayechota bila kukoroga huweka maji matupu kwenye pampu ya kwanza na msongamano kwenye ya mwisho. Kila mhindi upate mililita 5, kijiko kimoja cha chai, ndani ya moyo. Hapo kila mmea unapata karibu 2,800. Toa vile vichujio vya wavu mwembamba ndani ya pampu na kwenye nozeli, vyenye matundu chini ya milimita 0.3, vinawazuia, na utashangaa kumbe umenyunyiza maji. Tundu la nozeli lisiwe chini ya milimita 0.5, na bora uitoe kabisa udondoshe maji. Ukungu mwembamba wa kunyunyizia sumu hauna faida hapa: matone yanakauka kwenye jani kabla hayajateremka.

Pampu yenyewe isiwe ile ya dawa. Kama huna nyingine, ioshe kwa sabuni mara tatu, mpira na mkono wake pia. Mchanganyiko utumike ndani ya saa 2 au 3. Nematodi wanapumua, na kwenye ndoo iliyotulia hewa inawaishia.

Njia ya pili ni jeli, na kwangu mimi ndiyo bora kwa Mambrui. Waliyotumia Rwanda ni kaboksimethili selulosi, ambayo wenye kutengeneza sabuni ya maji wanaijua kwa jina la CMC na huinunua kwa kilo. Tafuta iliyo safi, isiyotiwa rangi, manukato wala sabuni. Nyunyiza unga wake kidogo kidogo kwenye maji huku unakoroga. Ukiutupa wote kwa pamoja unafanya mabonge yasiyoyeyuka. Ulaze usiku kucha. Unataka uzito wa uji mwepesi, unaodondoka lakini hautiririki. Jioni ya kutumia, ndipo utie nematodi na kukoroga polepole. Pampu haifai hapa. Chukua chupa ya soda ya plastiki, toboa kizibo kwa msumari, na ubinye kiasi cha mililita 2 kwenye kila moyo. Jizoeze kwanza kwenye kijiko mpaka mkono ujue.

Ukikuta mihindi 30 kati ya 100 imeshambuliwa, tibu hiyo tu. Ni mihindi 5,400 kwa ekari, nematodi milioni 16, jeli lita 11. Watu wawili huimaliza kwa jioni mbili. Hapo huloweki pakiti nzima: ni theluthi yake tu, nusu ya hiyo kila jioni. Ipime kwa mizani ya jikoni ikiwa kavu, na iliyobaki irudi kwenye friji kama ilivyo. Iliyokwisha kulowa haihifadhiwi.

Kwa sota, tibu kiraka. Eneo la mita 10 za mraba linahitaji nematodi milioni 2.5. Mwagia maji kwanza mpaka udongo ulowe, mimina nematodi kwa kopo la kumwagilia, kisha maji tena, lita 6 hadi 12 kwa kila mita ya mraba, ili washuke chini. Udongo ubaki na unyevu wiki moja au mbili. Ukikauka siku ya tatu, kazi imeishia hapo.

Wengi huku hutia mchanga au jivu kwenye moyo wa mhindi, na kwa shamba dogo inasaidia. Lakini usichanganye na nematodi. Jivu hufyonza unyevu na huwaunguza. Kama umeshatia jivu, ngoja mvua ilioshe au majani mapya yatoke. Mbolea ya chumvichumvi vilevile: usiyeyushe kwenye pampu moja nao, na ukitia CAN acha wiki moja kabla au baada. Sumu za viwavi usitumie wiki mbili kabla wala wiki mbili baada ya siku yako ya nematodi. Kuhusu maji ya visima vyenye chumvi, ambayo watu wa Mambrui huyauliza sana: maji ambayo mihindi yako inayanywa bila kuungua, nematodi watayavumilia. Ya bomba yenye klorini, yaache wazi kwenye ndoo usiku mmoja.

Baada ya kuweka, usitarajie viwavi waanguke kama kwa sumu. Siku ya kwanza bado wapo, wamelegea, wameacha kula. Siku ya tatu fungua mioyo 20 iliyotibiwa na 20 ambayo hukuigusa. Hiyo ambayo hukuigusa ni lazima uiache, hata kama roho inauma, maana bila hiyo huwezi kujua kama ni nematodi walioua au ni mvua ya jana. Viwavi wadogo na wa kati ndio wanaokufa zaidi. Wakubwa wengine hupona, na pupa ni mgumu kuliko wote. Ukiona nusu au zaidi wamekufa, ni kazi nzuri. Rudia baada ya siku 10 hadi 14 ikiwa ukaguzi unaonyesha wapya, kwa sababu nondo hawaji siku moja na nematodi hawakai moyoni kwa muda mrefu. Wale wakubwa uliowakuta hai, waponde kwa vidole. Mayai pia, yale mafungu ya 100 hadi 200 yaliyofunikwa manyoya kama pamba chini ya jani, yasugue. Hakuna nematodi anayeua yai.

Kama hukuona tofauti yoyote, usilaumu joto moja kwa moja. Rudi nyuma kwa utaratibu. Chukua vikombe 20 vidogo, kila kimoja kijiko cha udongo wenye unyevu na kiwavi mmoja peke yake, kwa sababu wakiwa wawili watalana. Kumi vitie tone lenye nematodi mia moja, kumi maji tu. Funika, weka kivulini, tazama baada ya siku 2 na 3. Wakifa kwenye vile kumi vya nematodi na kubaki hai kwenye vingine, bidhaa ni nzima na kosa lilikuwa shambani: chujio, jua, ndoo isiyokorogwa, au viwavi walikuwa wameshaingia kwenye bua. Wasipokufa, kosa ni la bidhaa au la safari.

Umeuliza pia moyoni, ingawa hukuandika, kama unaweza kuwazalisha nyumbani. Inawezekana kwa kikundi, na inataka usafi na subira. Wafugaji wa nyuki wanaozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke wana masega ya zamani yaliyoingiwa na nondo wa nta, Galleria mellonella. Mabuu wake ndio chakula bora cha nematodi. Weka mabuu 10 kwenye kisosi chenye karatasi iliyolowa, tia nematodi 1,000 hadi 2,000, funika, weka mahali pa giza penye nyuzi 25 hadi 28. Siku ya pili wamekufa. Siku ya sita tupa walio weusi wenye harufu, na wenye rangi sahihi wahamishie juu ya kisosi kilichopinduliwa ndani ya bakuli lenye maji kidogo, kimefunikwa kitambaa kinachogusa maji. Wiki ya pili nematodi hutembea wenyewe kuingia majini, na buu mmoja mkubwa hutoa 100,000 au zaidi. Kwa mihindi yako 5,400 unahitaji mabuu 160 wazuri, na uongeze 40 kwa ajili ya watakaoharibika. Vizazi vikizidi vinne au vitano kwenye kisosi hicho hicho nguvu hupungua; anza tena na mbegu mpya. Kwa shamba lako inatosha. Kuuza kunahitaji usajili wa PCPB.

Na mbegu hiyo huenda unayo tayari. Mchanga wa pwani ni moja ya makao ya Heterorhabditis duniani. Msimu wa mvua, chukua udongo chini ya mwembe ambao haujapigwa dawa, kina cha kiganja, ujaze kikombe, tia mabuu matano ya nondo wa nta, funika na upindue. Tazama kuanzia siku ya tatu hadi ya saba. Akitokea mmoja mwekundu kama tofali, usimtupe. Mpeleke kwenye kisosi na bakuli, kwa sababu huyo amekwisha kulizoea joto la Mambrui.

Pampu ya kwanza ipigie kwenye ile nusu unayoipa maji. Kwenye nusu ya mvua kagua tu, na usitibu mpaka upate usiku ambao udongo umelowa.